Altimita Zikikubaliana Si Ushahidi

Viwanja vya ndege katika nchi nyingi vinaendelea kupunguza mitambo ya ILS, ile inayorusha mawimbi ya redio kutoka ardhini kumwonyesha rubani mteremko wa kushukia, na badala yake vinachapisha taratibu za kutua zinazoongozwa na setilaiti. Habari za namna hii hupokelewa kwa shangwe, na anayezisikia hubaki na picha kwamba sasa setilaiti ndiyo inayoishusha ndege hadi ardhini. Kwa sehemu kubwa ya taratibu hizo, picha hiyo si sahihi. Setilaiti huielekeza ndege kushoto na kulia. Juu na chini bado ni kazi ya altimita inayopima mgandamizo wa hewa, na altimita hiyo hutegemea namba moja ambayo mara nyingi rubani ameisikia redioni na kuiingiza kwa mkono. Hoja yangu ni kwamba kadiri ILS inavyoondoka, namba hiyo inazidi kubebeshwa mzigo, ilhali taratibu za kuikagua zimebaki zile za wakati ambapo ILS ilifichua kosa bila kuombwa. Wanaolieleza tatizo hili kuwa ni uzembe wa marubani wanatafuta dawa mahali ambapo ugonjwa haupo.

Tuanze na kifaa chenyewe. Altimita ya kawaida ni baromita iliyochorwa kwa futi. Hewa hupungua mgandamizo kadiri unavyopanda, na karibu na usawa wa bahari kila hektopaskali moja ni sawa na takriban futi 28. Lakini mgandamizo haukai mahali pamoja; mfumo wa dhoruba ukipita, unaweza kushuka kwa hektopaskali 30 au zaidi ukilinganisha na siku tulivu. Kwa hiyo altimita huhitaji kuambiwa ianzie kuhesabu wapi. Karibu na ardhi huwekewa QNH, yaani mgandamizo wa eneo lile ulioshushwa kihesabu hadi usawa wa bahari, ili isome kimo halisi juu ya bahari. Huko juu, ambako ndege hupita mikoa na nchi kwa dakika chache, kila mmoja huweka namba moja ya kawaida, hektopaskali 1013.25, au 29.92 kwa wanaotumia inchi za zebaki. Kwa namba hiyo altimita haisemi ukweli kuhusu ardhi, na wala haikusudiwi kusema. Inachotoa ni kosa lililo sawa kwa wote, na kosa lililo sawa kwa wote linatosha kabisa kuzitenganisha ndege mbili. Hivyo ndivyo ndege kati ya futi 29,000 na 41,000 zinavyoweza kupishana kwa tofauti ya futi 1,000 tu.

Mpaka wa kubadilisha namba wakati wa kupaa huitwa kimo cha mpito, na wakati wa kushuka huitwa ngazi ya mpito. Marekani na Kanada wameuweka kwenye futi 18,000. Uingereza sehemu kubwa ni futi 3,000, na kuizunguka London ni 6,000. Wazo la kuwa na kimo kimoja Ulaya nzima limezungumzwa kwa miaka mingi bila kufika mwisho. Tofauti hii si ya makaratasi tu. Rubani anayevuka mpaka wake kwenye futi 18,000 ana nafasi. Ndege imetulia, magurudumu yamefungwa zamani, mazungumzo ya redio yamepungua. Anayeuvuka kwenye futi 6,000 anakuwa bado anakunja mabawa ya kusaidia kupaa, anabadilisha masafa ya redio na kupokea kimo kipya, na pengine ngazi aliyoruhusiwa iko futi 1,000 tu juu ya mpaka wenyewe.

Sasa tuone kosa linavyofanya kazi, kwa sababu halina madhara sawa pande zote mbili. Chukua siku ambayo QNH ni 983, hektopaskali 30 chini ya kawaida. Rubani anapaa, kimo cha mpito ni 6,000, ameruhusiwa kwenda ngazi ya 70, yaani futi 7,000 kwa kipimo cha 1013, na amesahau kubadilisha. Altimita yake inasoma 7,000 na anasawazisha ndege akiridhika, kumbe kwa kipimo ambacho wenzake wote wanatumia yuko karibu na 7,800. Ndege iliyo kwenye ngazi ya 80 sasa inamkaribia kwa futi 200 hivi badala ya 1,000. Hilo ni kosa la kupaa, nalo mwongoza ndege huliona haraka, kwa kuwa rada hupokea kimo cha ndege kikiwa tayari kimepimwa kwa 1013. Ligeuze lile lile liwe la kushuka. Rubani anasahau kuondoa 1013, altimita inamwonyesha futi 3,000 juu ya bahari, na ukweli ni kwamba yuko karibu na 2,200. Aliye mbele yake safari hii ni kilima au uwanda, na hivyo havina transponda, kile kifaa kinachoitangazia rada kimo cha ndege. Siku ya mgandamizo mkubwa kosa lilo hilo lingemwacha juu mno, asumbuke tu kuupata uwanja. Hatari imeelemea upande mmoja: ukitoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mdogo bila kubadilisha namba, uko chini kuliko unavyodhani, na siku za namna hiyo mara nyingi ndizo siku za mvua na mawingu mazito, ambapo hakuna cha kuona dirishani.

Kuna makosa ya aina mbili hapa, nayo huchanganywa mno. La kwanza ni kusahau kubadilisha. La pili ni kubadilisha kwa wakati wake, kwa utaratibu wake, lakini kwa namba isiyo sahihi. Watengenezaji wa ndege wamelishughulikia la kwanza kwa bidii. Kwenye ndege nyingi za kisasa ukivuka mpaka bila kubadilisha, namba huanza kumetameta au hugeuka rangi ya njano hadi uishughulikie. Rubani mmoja hutamka kwamba mpaka unavukwa, mwingine huitikia, wote wawili huweka, husoma namba kwa sauti, hulinganisha altimita zao na ile ya akiba, kisha orodha ya ukaguzi huwauliza tena. Huu ni utaratibu mzuri na umezuia mengi. Dhidi ya kosa la pili, hata hivyo, hauna meno. Namba ikiwa si sahihi tangu ilipotamkwa, altimita zote tatu zitakubaliana nayo, taa haitametameta, na orodha ya ukaguzi itajibiwa kwa sauti ya kujiamini.

Tarehe 23 Mei 2022, ndege aina ya Airbus A320 ya kampuni ya Airhub ilikuwa ikikaribia uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, katika mvua. ILS ya njia ile haikuwa ikifanya kazi, hivyo ndege ikatumia utaratibu wa setilaiti ambao mteremko wake hukokotolewa kutokana na altimita. QNH halisi ilikuwa 1001. Mwongoza ndege alitamka 1011. Marubani waliirudia kama walivyoisikia, wakaiweka, wakaikagua, zikakubaliana. Hektopaskali 10, takriban futi 280: njia nzima ya kushukia ikateremka kwa kiasi hicho, ikiwa sambamba na ile sahihi, ikiwa na mwinuko ule ule wa nyuzi, ikionekana nzuri kabisa kwenye skrini. Walipofika kile ambacho altimita ilikiita kimo cha kufanya uamuzi hawakuona njia ya kurukia, wakaanza kupaa tena, kama inavyotakiwa. Wachunguzi wa BEA, taasisi ya Ufaransa ya uchunguzi wa ajali za ndege, walikuta kwamba altimita ya redio, ile inayopima umbali wa kweli hadi ardhini, ilishuka hadi futi 6, ndege ikiwa bado maili 0.8 za baharini kabla ya kuanza kwa njia ya kurukia. Mfumo wa tahadhari ya ardhi ndani ya ndege haukulia katika jaribio hilo. Jaribio la pili walilifanya na namba ile ile isiyo sahihi. Kilichowaokoa safari hii ni kwamba waliiona njia na taa zake za mteremko, wakarekebisha kwa macho.

Tafadhali tuangalie kwa makini ni nani aliyevunja utaratibu katika chumba kile cha marubani. Kuhusu namba yenyewe, hawakupuuza hatua kuu. Waliambiwa, wakarudia, wakaweka, wakalinganisha. Wahenga walisema wawili si mmoja, na usalama wa anga umejengwa juu ya imani hiyo kwa miongo mingi: rubani mmoja akikosea, mwenzake ataona. Lakini wawili wanaopokea neno moja kutoka kinywa kimoja ni mmoja tu. Wanachothibitisha wanapokaguana ni kwamba waliisikia namba ile ile, na kusikia namba ile ile hakuifanyi kuwa ya kweli.

Hapa ndipo kuondoka kwa ILS kunapokuwa na maana ambayo haizungumzwi vya kutosha. Katika utaratibu wa ILS, kuna mahali kwenye ramani ambapo ndege inapopita juu ya mteremko wa redio inapaswa kuwa kwenye kimo fulani kilichoandikwa, tuseme futi 2,500. Rubani hulinganisha. Mteremko unatoka ardhini, altimita inatoka hewani. Hivi ni vyanzo viwili visivyojuana. Altimita ikiwa na QNH isiyo sahihi kwa hektopaskali 10, pale pale itasoma 2,780 badala ya 2,500, na rubani makini atauliza kuna nini. Hata asipouliza, mteremko wenyewe hautaguswa; ndege itafika njiani salama, kwa sababu mawimbi ya redio hayajali ulichoweka kwenye altimita. Sasa fanya ukaguzi ule ule katika utaratibu wa setilaiti unaotegemea baromita. Umbali kutoka uwanjani unasema uwe kwenye 2,500, kompyuta inaishusha ndege hadi altimita isome 2,500, kisha rubani anatazama altimita kuthibitisha kwamba inasoma 2,500. Bila shaka inasoma hivyo! Kompyuta na rubani wanatazama kitu kimoja. Ukaguzi huu utafaulu ndege ikiwa mahali sahihi, na utafaulu vile vile ikiwa futi 280 chini. Bado upo kwenye vitabu, bado unafundishwa, bado unatamkwa kwa sauti, na kwa kosa hili mahususi haukagui chochote.

Wapo wanaosema jibu ni nidhamu: marubani walinganishe namba ya mwongoza ndege na ile ya taarifa ya hali ya hewa ya uwanja iliyorekodiwa, na waongoza ndege wasikilize vizuri wanaporudiwa. Hoja hii ina sehemu ya kweli ambayo siwezi kuipuuza. Taarifa iliyorekodiwa ni chanzo cha pili, na tofauti ya hektopaskali 10 baina yake na sauti ya redioni ingepaswa kumshtua yeyote. Kanuni ya kuvilinganisha vyanzo hivi viwili kila mara, na kuuliza tofauti ikizidi kiasi fulani, haina gharama na ingefaa iwe lazima kila mahali. Mwaka 2023 EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, ilitoa taarifa ya usalama kuhusu hatari hii hii, na hatua kama hizo ni za kuungwa mkono.

Ninachokataa ni pale hoja hii inapogeuzwa kuwa yote, kwamba rubani makini hakosei na basi yameisha. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, na historia imeshaijibu. Usiku wa tarehe 12 Novemba 1995, ndege ya American Airlines aina ya MD-83 ilikwangua miti kwenye ukingo wa kilima ikielekea uwanja wa Bradley, Connecticut, mgandamizo ukiwa unaporomoka kwa kasi kutokana na dhoruba. Bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, iliweka mbele kwamba ndege ilishuka chini ya kimo cha mwisho kilichoruhusiwa, lakini iliandika pia kwamba mwongoza ndege hakuwapa mgandamizo wa karibuni na marubani hawakuuomba; altimita zilikuwa zikisoma takriban futi 70 zaidi ya ukweli. Hakuna aliyekufa. Watu hawa walikuwa wataalamu, katika nchi yenye mitambo bora, wakiwa na namba ambayo wakati ilipotolewa ilikuwa sahihi, kisha hewa ikabadilika. Utamwambia nani awe makini zaidi na hewa?

Kuna pia makosa ambayo umakini wenyewe huyatengeneza. Rubani aliyezoea inchi za zebaki amesikia namba 29.92 maelfu ya mara. Siku ya dhoruba, mahali panapotumia hektopaskali, anaambiwa 992, na mkono unaweka 29.92, kwa sababu sikio limesikia kitu linachokifahamu. Hektopaskali 992 ni sawa na inchi 29.29. Tofauti hiyo inakaribia futi 600, na yote ni ya kuelekea ardhini. Unaweza kumfundisha mtu huyu kwa miaka kumi na bado ubongo wake utajaza pengo kwa kile alichokizoea, hasa usiku, mwisho wa safari ndefu. Kutamka neno hektopaskali kila namba inapokuwa chini ya 1000, kama kanuni za Uingereza zinavyotaka, kunasaidia kuliko mahubiri yoyote, maana kunabadilisha kile kinachosikika.

Upande wa pili wapo wanaotaka baromita iachwe kabisa na kimo kipimwe kwa setilaiti kutoka kupaa hadi kutua. Nawaheshimu hawa, kwa sababu wameiona shida ya kweli: namba inayowekwa kwa mkono ingetoweka, pamoja na mipaka ya mpito na ugomvi wake wote. Ingetoweka pia shida ya baridi, ambayo QNH sahihi haiigusi. Hewa baridi hujibana, na kwa kila nyuzi 10 chini ya kiwango cha kawaida altimita huzidisha kimo kwa takriban asilimia 4. Uwanja ulio usawa wa bahari wenye nyuzi 15 chini ya sifuri unaweza kuficha zaidi ya futi 300 kwa ndege inayodhani iko futi 3,000 juu yake. Ndiyo maana ramani za taratibu hizi huandikwa kiwango cha joto ambacho chini yake mteremko wa baromita hauruhusiwi, isipokuwa kwa ndege zenye mfumo wa kufidia.

Lakini mpango huo una tatizo ambalo miaka ya karibuni imeliweka wazi. Mawimbi ya setilaiti hufika duniani yakiwa dhaifu sana, na tangu vita vya Ukraine na vya Mashariki ya Kati, marubani wanaopita Bahari ya Baltiki, Bahari Nyeusi na mashariki ya Mediterania wamekuwa wakikutana na mawimbi yaliyozibwa au kughushiwa, ndege ikiamini iko mahali isipokuwepo. Hakuna anayeweza kughushi mgandamizo wa hewa akiwa umbali wa kilomita mia. Kisha kuna kipindi cha kubadilisha: kwa miaka mingi ndege za zamani na mpya zingeruka pamoja zikipima kimo kwa njia mbili, na fadhila yote ya 1013, lile kosa lililo sawa kwa wote, ingepotea wakati huo huo ambao anga imejaa. Kwa safari za juu, baromita ibaki. Mjadala unapaswa kuwa juu ya maili 10 za mwisho.

Na kwa maili hizo vifaa vipo. Utaratibu wa setilaiti unaosaidiwa na mifumo ya kusahihisha mawimbi, kama EGNOS ya Ulaya au WAAS ya Marekani, hutoa mteremko wa kijiometri ambao hautegemei QNH. Ukikosea namba, kinaathirika kimo cha uamuzi, lakini mteremko unakupeleka pale pale njiani. Kizuizi ni kwamba ndege nyingi kubwa za abiria hazina vipokezi vya kutumia mifumo hiyo. Pili, ipo programu ndani ya mifumo ya tahadhari ya ardhi inayolinganisha kimo cha baromita na kile cha setilaiti, na tofauti ikizidi humwambia rubani kwa sauti aangalie altimita. Hii ndiyo ninayoiona kuwa bora kuliko zote kwa gharama yake, kwa sababu inavigonganisha vyanzo viwili visivyojuana bila kukifanya kimoja kuwa mtawala: mawimbi yakighushiwa baromita itapinga, na namba ikikosewa setilaiti itapinga. Tatu, transponda nyingi za kisasa tayari hutangaza namba iliyowekwa kwenye altimita. NATS, shirika linaloongoza ndege nchini Uingereza, wamekuwa na chombo cha kumwonyesha mwongoza ndege wa London kwamba namba ya ndege fulani hailingani na QNH. Kingekuwapo Paris siku ile, 1011 ingeonekana ardhini dakika kadhaa kabla ya futi 6.

Mwongoza ndege wa Paris alipata onyo la mtambo wake wa ardhini unaotambua ndege iliyo chini mno, lakini onyo hilo hulia ndege ikiwa imeshashuka, sekunde zikiwa chache. Chombo kinachosoma namba yenyewe hulia ndege ikiwa bado juu, wakati ambapo swali moja la utulivu redioni linamaliza kazi. Huu pia ni msimamo wangu katika ule ubishi wa zamani kuhusu lini rubani aingie QNH wakati wa kushuka: mara tu anaporuhusiwa kimo kilicho chini ya mpaka, au asubiri aufikie. Kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, huruhusu kuweka mapema ikiwa ndege inashuka moja kwa moja bila kusimama kwenye ngazi yoyote. Wanaotaka kusubiri husema kwamba kuweka mapema huleta mkanganyiko mwongoza ndege akiomba ngazi ya sasa, na wana haki. Hata hivyo namba iliyowekwa mapema ina dakika zaidi za kukaguliwa, na rada ina dakika zaidi za kuisoma. Pale ambapo mpaka uko chini kama futi 5,000 au 6,000, dakika hizo ndizo zote zilizopo.

Kwa hiyo mamlaka inapotangaza kuzima ILS, kuna maswali ambayo tangazo lenyewe linapaswa kuyajibu. Ni sehemu gani ya ndege zinazotua hapo zina mteremko wa kijiometri, na zilizobaki zitategemea baromita pekee? Je, mwongoza ndege ataiona namba iliyo kwenye altimita, au ataendelea kuamini masikio? Kitengo cha ardhini kinayo njia ya kuchukua QNH moja kwa moja kutoka kwenye kipimo hadi kwenye skrini na kuituma kwa ndege kama maandishi, pasipo mtu kuitamka? Na kampuni ya ndege inayokubali utaratibu wa baromita kwenye uwanja huo imewapa marubani wake ukaguzi gani ambao unaweza kushindwa, kwa mfano kulinganisha altimita ya redio na kimo kinachotarajiwa juu ya ardhi tambarare, maili nne kabla ya njia? Uwanja ambao hauna majibu ya maswali hayo uiache ILS yake iendelee kufanya kazi hadi yapatikane, hata kama bili ya matengenezo ni kubwa.